Upana Ulipotangulia

Watu huniambia nisamehe. Mimi huwauliza: wewe ulikuwepo? Maana anayesema hivyo hakumwona kaka yangu amesimama kwenye mlango wa chumba chake na tepu ya kupimia mkononi, akipima kizingiti mara ya nne tangu asubuhi, akiandika namba kiganjani, kisha akirudi kupima tena aone kama zimebadilika. Hakumwona akikataa kumpakata mjukuu wake. Mimi nimeyaona hayo kwa miezi saba, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Kaka yangu ni mkata vioo. Tulifanya kazi kiwanda kimoja, mimi kwenye meza ya oda, yeye kwenye meza ya kukatia, kati yetu ukuta mmoja. Yeye alianza miaka thelathini na moja iliyopita, mimi nikamfuata miaka minne baadaye. Mimi wananiita Dada wa Oda, yeye wanamwita Almasi, kwa ajili ya ile ncha ya almasi ya kukatia kioo, na sidhani kama kuna mtu kule anayeyajua majina yetu mengine. Wala sisemi kwa sababu ni ndugu yangu: mkono wake haukuwa unatetemeka. Anapitisha ncha mara moja tu, krrr, anagonga kwa chini, kioo kinaachana. Wakataji wengine wanne walipewa vioo vya kawaida. Vioo vya mistari, vile vinavyopitisha mwanga lakini havimwonyeshi mtu aliye upande wa pili, alipewa yeye peke yake, kwa sababu mistari ile huvunja kioo ovyo ukikandamiza vibaya.

Hapo kwenye mistari ndipo balaa lote lilipoanzia, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Kiwanda chetu kina desturi yake. Marehemu mwenye kiwanda alikuwa seremala wa milango kabla ya kuingia kwenye vioo, na seremala yule alipima mlango kuanzia chini kwenda juu, ndipo akaja kwenye upana. Wengine wote wanaandika upana kwanza. Sisi kwetu kimo hutangulia. Karatasi inayoingia kwa mkataji ina namba mbili tu, mia mbili na kumi kwa sabini, basi. Haisemi hiki kimo, huu upana, kwa sababu tangu enzi za marehemu hakuna aliyewahi kuuliza. Mteja akinipigia simu akataja upana kwanza, nilizigeuza kichwani nikaandika kwa mpangilio wetu. Sasa, kioo cha kawaida ukikosea mpangilio hakuna hasara, kigeuze tu, ni kile kile. Kioo cha mistari hakigeuki. Ukikosea, mistari iliyotakiwa isimame inalala, na kioo ukishakikata umekikata.

Marehemu alipofariki, mkewe, tunayemwita Mama Mkubwa, akaajiri meneja. Huyu bwana ana ugonjwa wake. Ukifungua mdomo, kabla hujafika katikati ya maneno, anainua kidole na kusema, "Kwa kifupi?" Ukimpelekea kurasa mbili, anasoma nusu ya ule wa kwanza. Tukambatiza Kwa-Kifupi, ila mbele yake ni Bwana Meneja. Ndiye aliyetuletea mfumo wa oda wa mtandaoni: mteja anafungua ukurasa wetu, anajaza aina ya kioo, unene, vipimo viwili na idadi, na karatasi inajichapa yenyewe kwenye chumba cha kukatia. Mimi sikupinga, simu zilikuwa zimeshaniharibu sikio la kushoto. Mama Mkubwa naye alikubali, kwa sharti moja alilolisema mbele yetu sote: mpangilio wa vipimo wa mume wake usiguswe.

Mwezi wa pili hospitali moja ikaagiza vioo ishirini na sita vya mistari, vya milango ya wodi ya wazazi. Kaka akavikata kwa siku mbili. Vikaenda, vikaingia kwenye fremu bila shida, na mistari yote imelala. Mnunuzi wa hospitali, mwanamke asiye na mchezo, akatuma picha. Wiki hiyo hiyo zikaja picha za wateja wengine wanne. Vyote vioo vya mistari. Vyote vimetoka kwenye mkono wa kaka.

Kwa-Kifupi akamwita mbele ya wakataji wote, akamwekea karatasi ya hospitali mezani. "Soma, mzee."

Kaka akasoma. Mia mbili na kumi kwa sabini. Kimo kwanza, upana baadaye, sawasawa kabisa.

"Na wewe umekata nini?"

Kaka akaisoma tena ile karatasi. "Mimi niliona sabini kwanza," akasema.

Kwa-Kifupi akawageukia wale wengine huku anatabasamu. "Kwa kifupi, kilichochoka ni macho au ni kichwa?"

Kuna waliocheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na ninawajua waliocheka, mmoja mmoja. Jioni ile kaka akapewa barua ya kupumzishwa kazi kwa sababu za kiafya, na wateja wote watano wakaandikiwa kwamba mkataji wetu ana matatizo ya afya, tunaomba radhi.

Sababu za kiafya. Angeandika uzembe, angeandika ulevi, angeandika wizi, kaka angepigana naye mpaka mwisho. Lakini baba yetu alianza kusahau akiwa na miaka hamsini na tano. Alianza na funguo, akaja kwenye njia ya kurudi nyumbani, akamalizia kwa kuniuliza mimi, binti yake wa kumzaa, kama kwetu wanajua niko wapi. Alikufa akiwa mgeni nyumbani mwake. Na kaka mwezi ule wa pili alikuwa na miaka hamsini na sita.

Tunaishi nyumba moja tangu sote wawili tufiwe na wenzetu. Alirudi siku ile, akavua viatu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mdogo wangu, imeanza."

Toka hapo akaanza kujichunga mwenyewe. Akanikabidhi funguo za nyumba. Jiko la gesi akaacha kuligusa. Alipima kizingiti, meza, kitanda, akaandika, akapima tena, na kila mara namba zilikuwa zile zile, na hazikumsaidia kitu. Nilimwambia twende hospitali tukapime. Alisema, "Nikienda wataniambia. Afadhali nisiambiwe." Binti yake akaja na mtoto mchanga, mjukuu wa kwanza, akamwinulia ampokee. Kaka akarudisha mikono nyuma. "Mpe shangazi yako," akasema. "Mikono hii si ya kuaminiwa."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kumchunguza. Akijibu swali haraka, nilisema moyoni anaficha. Akisita, nilisema tayari, ndiyo hiyo. Nilikuwa nimekwisha kuamini. Kwa-Kifupi alikuwa ametuingiza wote wawili kwenye mfuko mmoja akafunga kamba.

Mwezi wa tisa Kwa-Kifupi akaniita ofisini. Akasema wateja wakubwa sasa hawaagizi wenyewe, wana akili bandia za kuwaagizia, wanaziita mawakala. Mtu anaiambia programu yake, tunahitaji vioo vya ghorofa ya tatu, na programu inaingia kwenye ukurasa wetu, inajaza, inatuma. Sasa mawakala hao walikuwa wanakwama kwetu. Wanaagiza unene ambao hatuna, wanajaza kisanduku hiki badala ya kile. Unatakiwa mwongozo ulioandikwa kwa ajili yao.

"Wewe ndiye unayejua kila kitu," akasema. "Andika kila ulichonacho kichwani. Ukimaliza tutaangalia nafasi yako."

Nafasi yangu ataiangalia. Lo. Muwa ukishatafunwa, makapi hutemwa, hilo mtoto mdogo analijua. Nikamwambia sawa, Bwana Meneja.

Akaletwa mtaalamu wa kompyuta wa kunisaidia, mwanamke mrefu anayeinama kila akipita mlangoni. Tukamwita Twiga, naye akacheka, hakuwa na neno. Siku ya kwanza Twiga aliniuliza kama nimewahi kumwandikia mtu mwongozo. Nikamwambia naandikia wateja kila siku, na hawasomi.

"Mtu anasoma mistari miwili," akasema, "yanayobaki anabahatisha, akishindwa anakupigia simu. Hawa si kama sisi. Wanasoma yote, kutoka juu mpaka chini, kila wanapotaka kuagiza. Na wanaamini ulichoandika. Usichokiandika, kwao hakipo."

"Hata zikiwa kurasa sitini?"

"Hata mia sita, dada."

Nikaanza. Kila kisanduku nilikieleza jina lake, maana yake, na kile ambacho watu hudhani ndiyo maana yake. Niliandika kwamba unene tulionao ni milimita nne, tano, sita, nane na kumi. Saba hatuna, ila ukiandika saba mfumo hautakukataza, utakupa sita kimyakimya, kwa hiyo usiandike saba. Niliandika kwamba rangi ya moshi si kijivu, hata kama picha inaonyesha kijivu. Niliandika kwamba neno "haraka" kwenye maelezo halifanyi kitu chochote, liliwekwa kumfurahisha mteja. Twiga alicheka hapo mpaka akafuta miwani. Miaka ishirini na saba ilikuwa inatoka kichwani mwangu inaingia kwenye kompyuta, na kusema kweli niliona raha. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninajua nini.

Tukafika kwenye sehemu ya mabadiliko. Twiga akaeleza kwamba wakala anaweza kuwa na oda za zamani za mteja wake, kwa hiyo lazima aambiwe mfumo ulibadilishwa lini, nini kilibadilika, na oda zipi zimeguswa. Akanifungulia kumbukumbu za mfumo, mahali ambapo kila badiliko linajiandika lenyewe pamoja na saa na aliyelifanya. Halafu akaenda kunywa chai.

Nikasoma kuanzia juu. Mwezi wa pili, tarehe sita, saa tatu na dakika hamsini asubuhi: mpangilio wa visanduku vya vipimo umebadilishwa, upana unatangulia. Aliyebadilisha, Meneja. Tarehe kumi na tano, saa kumi na moja jioni: mpangilio umerudishwa, kimo kinatangulia. Aliyebadilisha, Meneja. Tarehe hiyo hiyo, saa kumi na moja na dakika nane: karatasi za oda tano zimechapwa upya. Aliyechapa, Meneja. Oda ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya hospitali.

Nilisoma mara tatu. Mara ya nne nilikuwa nimesimama, sikumbuki nilinyanyuka saa ngapi. Kwa siku tisa wateja walijaza upana kwanza, na karatasi zikatoka upana kwanza, na wakataji wote watano wakazisoma kama walivyozoea, kimo kwanza. Wale wanne walikuwa na vioo vya kawaida, vikageuzwa vikawa sawa. Kaka peke yake ndiye aliyekuwa na mistari. Kwa-Kifupi alipoona picha za hospitali alijua mara moja alichokifanya. Akarudisha visanduku mahali pake, akachapa karatasi upya, kesho yake akamwekea kaka yangu karatasi ambayo kaka hakuwahi kuiona maishani mwake, na kumwuliza kama kichwa kimechoka.

Kaka aliona sabini. Alikuwa ameona sabini tangu mwanzo.

Damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilitaka kwenda ofisini kwake na kiti nilichokuwa nimekalia. Nikajilazimisha kukaa, nikaendelea kusoma nikitafuta kingine cha kumfunga nacho, na hapo nikakutana na mstari mwingine.

Tarehe sita, saa nne na dakika kumi na mbili: ujumbe kutoka kwa Meneja kwenda meza ya oda. "Kuanzia leo upana unatangulia. Wajulishe wakataji. Mama Mkubwa asisumbuliwe kwa sasa." Umefunguliwa. Umejibiwa: "Sawa."

Meza ya oda ni mimi. Hakuna mwingine anayekaa pale.

Nilitafuta kichwani. Tarehe ile naikumbuka, kuna mteja wa vioo vya duka alinitukana kwenye simu, hata blauzi niliyovaa naikumbuka. Ujumbe ule, hapana. Nikajiambia napokea ujumbe mia kwa siku, nani anakumbuka. Nikajiambia ameubandika yeye. Twiga aliporudi nikamwuliza kama mtu anaweza kuzichezea kumbukumbu hizi. "Hata mimi siwezi," akasema, akakoroga chai yake. Nikarudi kwenye kiti changu.

Ningeweza kwenda kwa Mama Mkubwa siku ile ile. Nilijua ingekuwaje. Wangeingia chumbani wawili, meneja angesema kwa kifupi nilimwambia dada yake, na ingekuwa neno langu na neno lake, na mwisho wake angepewa mkono wa kwaheri na barua nzuri. Mimi sikutaka haki ya chumbani. Alikuwa amewaandikia wateja watano kwamba kaka yangu ni mgonjwa wa kichwa. Nilitaka wale wale watano wasome, na yeye mwenyewe ndiye atie saini ya kuwasomesha.

Nikaandika ukurasa wa arobaini na saba. Tarehe, saa, nani alibadilisha, nani alirudisha, nani alichapa upya. Chini yake: "Wakala: kama mteja wako alipokea kioo cha mistari kilichoagizwa kati ya tarehe sita na tarehe kumi na tano, mjulishe kwamba kioo hicho kilikatwa kulingana na karatasi iliyotolewa na kiwanda. Kosa si la mkataji. Mkataji hana tatizo lolote la afya lililosababisha kosa hili." Na la kwangu nikaliandika: meza ya oda ilijulishwa saa nne na dakika kumi na mbili, ikajibu, na haikuwajulisha wakataji. Si kwa wema, usinisifu. Ningeliacha, angelidaka hilo hilo anipige nalo. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Basi na tuingie wote, mradi yeye awe chini.

Twiga alisoma mwongozo wote, ndiyo kazi yake. Alipofika ukurasa ule akasimama. "Hii ni kweli?"

"Kila neno."

"Basi ni mwongozo," akasema, akaendelea na wa arobaini na nane.

Kwa-Kifupi alipelekewa kurasa sitini na moja ili aidhinishe. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake. Akainua kidole. "Kwa kifupi?"

"Kwa kifupi, Bwana Meneja, ni kila ninachokijua."

Akateremsha kidole kwenye kioo cha simu mpaka mwisho, kurasa zikapita kama vipepeo, akabonyeza kuidhinisha. "Safi sana," akasema. Nilitazama saa ya ukutani. Hata dakika moja haikutimia. Nikatoka pale nikitembea polepole, maana miguu ilitaka kucheza.

Siku tatu kimya. Siku ya nne wakala wa hospitali akaingia kuagiza vioo vya kujitazamia vya vyumba vya kunawia. Kabla ya oda akatuma ujumbe: "Kwa mujibu wa mwongozo wenu, oda yetu ya mwezi wa pili iliathiriwa na badiliko la mfumo na kosa si la mkataji. Barua yenu ya mwezi huo inasema kosa ni la mkataji. Tafadhali thibitisheni ipi ni sahihi. Nimemjulisha mnunuzi." Mchana wakafuata mawakala wengine wawili na swali lile lile, kwa adabu ile ile. Ulikuwa ujumbe mfupi, kwa hiyo Kwa-Kifupi aliusoma wote.

Akaja kwenye meza yangu. Sijapata kuona mtu akitoka jasho juu ya mdomo tu.

"Umeandika nini?"

"Ulichoidhinisha, Bwana Meneja."

"Futa."

"Kilichokwisha kuidhinishwa hakifutwi bila Mama Mkubwa. Ni utaratibu wako, uko ukurasa wa tisa."

"Nilikufanyia nini mimi?" akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. Hapo ndipo nilipochukia kuliko siku zote. Hakuwa anakumbuka. Kaka yangu kwake ilikuwa jioni moja ya mwezi wa pili, imekwisha.

Mnunuzi wa hospitali alikuwa ameshampigia Mama Mkubwa. Asubuhi iliyofuata Mama Mkubwa akaingia chumba cha kukatia na ukurasa wa arobaini na saba umechapwa, akaamuru mashine zizimwe, akampa yule mkataji aliyecheka zaidi ya wote miezi saba iliyopita. Sijui nani alimwambia kwamba ndiye. Haya, nilimwambia mimi. "Soma kwa sauti," akasema. Yule bwana akasoma, akafika kwenye "kosa si la mkataji" sauti ikakwama, Mama Mkubwa akamwambia arudie hapo.

"Mama, huo mwongozo ni wa mashine," Kwa-Kifupi akasema. "Haukuandikwa kwa ajili ya watu."

"Nimekuuliza kitu? Nitakuuliza sasa. Nani alichapa karatasi upya?"

Alijaribu njia tatu za kujibu, zote ndefu. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mtu yule akizungumza kwa urefu. Alipoona haziendi, akaninyooshea kidole. "Na huyu je? Nilimjulisha. Mwulizeni 'Sawa' yake."

Mama Mkubwa akanigeukia. "Ni kweli?"

"Imeandikwa hapo, Mama. Niliandika mwenyewe."

"Mbona hukuwaambia wenzako?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Sikumbuki," nikasema. Akasema mimi na yeye tutaongea, kwanza nikamlete kaka yangu kesho asubuhi.

Kwa-Kifupi aliondoka kabla ya saa sita, na sanduku lake la karatasi. Nilimshikia mlango. Nikamwambia, "Kwa kifupi, Bwana Meneja, kwaheri." Nitasema kweli: nilifurahi mpaka tumbo likauma, na nikikumbuka sasa hivi ninafurahi tena. Anayetaka kusamehe na asamehe, ni hiari yake.

Nyumbani nilimkuta kaka uani. Nikampa ule ukurasa. Alisoma amesimama, akafika kwenye karatasi zilizochapwa upya, akakaa. Akaweka kidole chini ya mstari, akausoma kwa sauti.

"Kwa hiyo niliona sabini."

"Uliona sabini, kaka."

Alilia, mtu mzima, bila kujificha. Halafu akaniambia nimpigie simu binti yake aje na mtoto. Walipofika alinyoosha mikono yote miwili kabla binti hajaingia vizuri, akamchukua mjukuu, akazunguka naye uani akimwonyesha kamba ya nguo, ndoo, paka wa jirani. Binti alikaa kizingitini akawa anafuta macho kwa kanga. Nikasema moyoni, haya ndiyo niliyoyapigania, na leo nimeyala.

Mtoto alipolala begani mwake, kaka alirudi kwenye karatasi. Yeye si Kwa-Kifupi, anasoma mpaka chini. Nikamwona akifika kwenye mstari wangu. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya kuomba radhi, na nilitaka anigombeze. Miezi saba ile nusu yake ilikuwa deni langu, na kelele zake zingenitua mzigo.

"Huu ujumbe ulisemaje?" akauliza.

Nikamwambia.

"Na ukajibu."

"Nikajibu."

"Ukasahau kuniambia, au hukumbuki hata kuusoma?"

"Kuusoma. Hata sasa nikiutazama naona umeandikiwa mtu mwingine." Nikajaribu kucheka. "Ujumbe mia kwa siku, kaka. Nani anakumbuka?"

Hakucheka. Alinitazama, na kwenye ule uso hakukuwa na hasira hata chembe. Niliitafuta. Akampa binti yake mtoto, taratibu asimwamshe, akavuta kiti karibu na changu.

"Mdogo wangu," akasema, "mwaka huu unatimiza mingapi?"

"Hamsini na tano," nikasema. "Si unajua."

"Najua."

Kesho yake Mama Mkubwa alimsubiri kaka kwenye meza ya kukatia mpaka saa tano. Hakwenda. Alinipeleka hospitali, amenishika mkono njia nzima, na mimi nikimwambia ananiaibisha mbele za watu. Karani wa mapokezi akauliza jina la mgonjwa. Nikataja la kaka. Kaka akasema hapana, akataja langu.